Vyumba vya Matao vya Provins: Biashara, Uashi na Urithi wa Chini ya Ardhi



  

Kusudi la mhadhara huu ni kuzungumzia vyumba vya mawe vilivyojengwa chini ya nyumba za wafanyabiashara katika mji wa Provins, Ufaransa, katika karne ya 12 na ya 13. Nataka kueleza vilijengwa kwa nini na kwa namna gani, vilidumuje, na vinalindwaje leo. Katika maelezo hayo nitatetea hoja moja: vyumba hivi vimetufikia kwa sababu kila kizazi kilivipa kazi. Sheria ya kuvilinda ilikuja baadaye sana, na peke yake haitoshi. Nimeigawa hoja hiyo katika sehemu tano.

Kabla ya kuanza, tuujue mji wenyewe. Provins uko kiasi cha kilomita 80 kusini-mashariki mwa Paris. Una sehemu mbili: mji wa juu, uliojengwa kilimani na kuzungukwa na ukuta, na mji wa chini, ulio bondeni penye maji. Leo ni mji mdogo wenye wakazi elfu kumi na kitu. Mgeni akifika huonyeshwa kwanza Mnara wa Kaisari, uliojengwa karne ya 12, kisha kanisa la Saint-Quiriace, kisha ukuta, ambao kiasi cha mita 1,200 zake bado zimesimama pamoja na minara 22. Vyote hivyo vinaonekana kwa mbali. Mimi nitawashusha ngazi.

Kwanza: vyumba hivi vilikuwa sehemu ya soko

Watu wakisikia habari za vyumba vya chini ya ardhi vya Karne za Kati, mawazo hukimbilia magereza, mateso na hazina zilizofichwa. Naona wengine mnatabasamu. Sinema zimetufundisha hivyo. Ukweli wa Provins ni wa kawaida zaidi, na kwa maoni yangu unavutia zaidi. Vyumba hivi vilijengwa kwa ajili ya mauzo.

Katika karne ya 12 na ya 13, watawala wa Champagne walisimamia magulio makubwa sita kila mwaka, yaliyopokezana katika miji minne: Lagny, Bar-sur-Aube, Provins na Troyes. Provins ulikuwa na mawili, la mwezi Mei na la Saint-Ayoul mwezi Septemba. Kila gulio lilichukua takribani wiki sita, kwa hiyo mzunguko mzima uliujaza karibu mwaka wote. Wafanyabiashara wa Flanders walileta vitambaa vya sufu. Wafanyabiashara wa Italia walileta viungo, hariri na rangi kutoka Mashariki, na wengine walikuja kukopesha na kubadilisha fedha.

Gulio lilikuwa na ratiba yake. Siku za mwanzo zilikuwa za kuingia mjini, kupanga mahali na kufungua mizigo. Zikafuata siku za vitambaa, kisha za ngozi, kisha za bidhaa zinazouzwa kwa mizani kama pilipili na viungo vingine. Siku za mwisho zilikuwa za kulipana madeni, nazo ndizo zilizoogopwa kuliko zote. Mtawala aliweka wasimamizi wa magulio waliokuwa na uwezo wa kuhukumu. Mfanyabiashara akikimbia deni, wangeweza kuwafungia milango wenzake wote wa mji aliotoka mpaka lilipwe. Mtawala aliahidi pia usalama wa wasafiri njiani, na mwaka 1209 mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa aliupanua ulinzi huo katika ufalme wake. Dinari zilizofuliwa Provins ziliaminika kiasi kwamba Seneti ya Roma ilifua zake kwa kuziiga.

Sasa fikirini mahitaji ya mtu aliyetoka Florence au Ghent na marobota ya kitambaa. Anataka mahali pakavu pasipoingia mwizi wala moto. Nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa za mbao, na moto ukizuka mtaa mzima uliteketea. Chumba cha mawe chenye dari la mawe ndicho kilichoweza kubaki. Mfanyabiashara huyo anataka pia mahali wateja watakapofika kwa urahisi. Kwa hiyo vyumba vingi vya Provins havikuzikwa kabisa. Vilishuka nusu tu chini ya usawa wa barabara, na milango yake ilifunguka barabarani kwa ngazi pana, bila kupitia ndani ya nyumba. Mwenye nyumba aliishi juu na familia yake, huku mgeni akipanga chini, akihifadhi mali na kuuza papo hapo. Gulio likiisha, mwenye nyumba alibaki na kodi.

Mfano unaojulikana zaidi ni jengo liitwalo Grange aux Dîmes, yaani Ghala la Zaka, katika mji wa juu. Lilikuwa mali ya mapadre wa kanisa la Saint-Quiriace. Lina chumba chini ya ardhi, ukumbi wa matao na nguzo kwa usawa wa barabara, na ghorofa juu. Wakati wa magulio lilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Toulouse. Magulio yalipokufa, likawa ghala la kupokelea zaka ya mavuno. Jina linalotumika leo limetokana na kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza imeandikwa katika kuta zake.

Pili: dari la matao ni akili ya uashi

Hapa nawaomba wasio mafundi wanivumilie kidogo, kwani bila kuelewa dari hatutaelewa kwa nini vyumba hivi vimedumu miaka 800.

Jiwe hustahimili kubanwa, lakini halistahimili kupindwa. Ukilaza bamba refu la jiwe juu ya kuta mbili na kuliwekea mzigo katikati, litapasuka upande wa chini. Tao huondoa tatizo hilo kwa sababu mawe yake yamechongwa kwa mshazari na kila moja linambana jirani yake. Ni kama watu wawili walioegemeana migongo: wote wamesimama kwa sababu kila mmoja anamsukuma mwenzake. Mzigo unaoongezwa juu, usipozidi kiasi na ukienea vizuri, hulikaza tao zaidi.

Lakini msukumo huo lazima upokelewe mahali. Tao husukuma kuta zake nje, na ukuta dhaifu utafunguka. Juu ya ardhi, waashi wa makanisa makubwa walilazimika kujenga mihimili mizito ya nje ili kuupokea msukumo huo. Chini ya ardhi, udongo wenyewe ulifanya kazi hiyo bila malipo. Ndiyo maana mfanyabiashara wa kawaida, asiye na fedha za askofu, aliweza kuwa na dari la mawe kama la kanisa.

Waashi walianza kwa kusimamisha kiunzi cha mbao chenye umbo la tao. Juu yake walipanga mbavu za mawe zilizokutana katikati, wakazifunga kwa jiwe la kileleni, kisha wakajaza nafasi kati ya mbavu kwa mawe madogo na chokaa. Chokaa ilipoanza kushika, kiunzi kiliondolewa na kupelekwa kwenye sehemu inayofuata. Chumba kikiwa kipana, safu ya nguzo iliwekwa katikati, na dari likagawanyika katika vipande vya mraba vinavyojirudia. Baadhi ya nguzo hizo zina vichwa vilivyochongwa majani kwa ustadi. Mtu angeuliza, mapambo ya nini ghalani? Jibu ni kwamba mteja alishuka humo kuchagua kitambaa cha bei kubwa, na mwenye duka alitaka kuonekana mtu wa maana.

Nisisitize tofauti moja. Chini ya mji wa juu kuna pia mtandao wa njia zilizochimbwa mwambani, ambazo wageni huongozwa kuzitembelea kwa kupitia chumba cha matao cha hospitali ya kale, Hôtel-Dieu. Watafiti wengi huzihusisha na uchimbaji wa udongo uliotumika kuondolea mafuta katika sufu. Njia hizo zilipatikana kwa kutoa ardhi. Vyumba ninavyovizungumzia vilijengwa jiwe kwa jiwe. Kila aina inaharibika kwa namna yake na inahitaji fundi wake.

Tatu: kuanguka kwa biashara kuliviokoa

Mwishoni mwa karne ya 13 magulio yalianza kufifia, kwa sababu kadhaa zilizokutana. Mwaka 1277 jahazi za Genoa zilifika Flanders kwa njia ya bahari, na wafanyabiashara wakaanza kuikwepa njia ya nchi kavu ipitayo Champagne. Karibu mwaka 1280 wafanyakazi wa vitambaa wa Provins waliasi, meya akauawa, na mji ukaadhibiwa vikali. Mwaka 1284 Jeanne, mrithi wa Champagne, aliolewa na Philippe, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa mwaka uliofuata. Champagne ikaingia mkononi mwa wafalme wa Ufaransa, na magulio yakapoteza watawala waliokuwa wakiyalea kama mali ya nyumbani. Kisha ikaja Vita ya Miaka Mia, kati ya 1337 na 1453, iliyofunga barabara na kumaliza mitaji.

Kwa wakazi, huo ulikuwa msiba. Kwa majengo, ulikuwa bahati. Mji uliobaki na fedha huvunja ili kujenga upya, na mji uliofilisika huziba nyufa. Provins haukupata utajiri wa kubomoa mitaa yake, na ramani yake ya Karne za Kati ikabaki.

Lakini umaskini pekee usingetosha. Magofu mengi duniani ni ya watu maskini. Vyumba vya matao vilidumu kwa sababu vilikuwa vikibeba nyumba. Sehemu ya juu ya mbao ilipooza au kuungua, mwenye kiwanja alijenga nyingine juu ya dari lilelile la mawe, kwa kuwa kuchimba msingi mpya kulikuwa gharama na hasara. Hivyo mtu anaweza kusimama mtaani mbele ya nyumba ya karne ya 18 au ya 19 bila kujua kwamba miguu yake iko juu ya duka la karne ya 13. Wakati huohuo, vyumba viliendelea kutumika. Joto la chini ya ardhi halibadiliki sana, huwa nyuzi 12 hivi kiangazi na kipupwe, kwa hiyo mapipa ya divai yalikaa vizuri, na mboga na kuni vilipata mahali.

Hali hii imeonekana pia kwingine Ufaransa. Chini ya viwanja vya mji wa Arras kuna vyumba na machimbo yaliyoanza Karne za Kati. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, machimbo ya mji huo yaliunganishwa na kuwa makazi ya maelfu ya askari kabla ya mashambulizi ya Aprili. Waliochonga mawe yale hawakuwawazia askari hao. Nafasi imara haikosi mwenye haja nayo.

Mwanahistoria anafaidika na hali hii. Nyumba ya juu ikibadilishwa mara tano, chumba cha chini hubaki na mipaka ya kiwanja cha mwanzo. Ukivipima vyumba vyote vya mtaa na kuvichora katika ramani moja, unaona upana wa viwanja, mwelekeo wa barabara za zamani na mahali wafanyabiashara walipobanana zaidi. Katika mji wa Orléans wanaakiolojia wamefanya kazi ya namna hiyo: kuingia nyumba kwa nyumba, kupima, kuchora na kuorodhesha vyumba vya chini.

Nne: sheria iliangalia juu kabla ya kuangalia chini

Ufaransa ina historia ndefu ya kulinda majengo. Cheo cha mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria kilianzishwa mwaka 1830, na kuanzia 1834 kilishikwa na mwandishi Prosper Mérimée, aliyezunguka nchi nzima akikagua makanisa na magofu. Sheria ya kwanza ya ulinzi ilipitishwa mwaka 1887. Ile ya tarehe 31 Desemba 1913 iliipa serikali nguvu ya kulinda hata jengo la mtu binafsi, na sheria ya mwaka 1943 ikaongeza ulinzi wa mazingira ya jengo kwa umbali wa mita 500.

Tazameni mwelekeo wa macho ya sheria hizo. Zilianza na jengo moja kubwa, kisha zikaangalia kile kinachoonekana kulizunguka. Chumba kilicho chini ya nyumba ya kinyozi hakikuwa na mtetezi. Mabadiliko yalikuja tarehe 4 Agosti 1962, kwa sheria inayojulikana kwa jina la waziri wa utamaduni André Malraux. Sheria hiyo iliruhusu mtaa mzima kulindwa kama kitu kimoja, pamoja na nyumba za kawaida, na kuchunguza hata sehemu za ndani. Mwaka 2016 aina mbalimbali za maeneo yaliyolindwa ziliunganishwa chini ya mfumo mmoja.

Mwaka 2001 Provins uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sababu iliyotolewa inahusu mada yetu moja kwa moja: mji huu unashuhudia mwanzo wa magulio ya kimataifa na biashara ya sufu, na mpangilio wake uliojengwa mahususi kwa ajili ya magulio umehifadhiwa vizuri. Ukiondoa vyumba vya matao katika maelezo hayo, yanabaki makanisa, mnara na ukuta, vitu ambavyo miji mingi ya Ulaya inavyo. Vyumba vya mauzo ndivyo ushahidi wa gulio.

Hata hivyo ugumu upo. Sheria ya kiraia ya Ufaransa humpa mwenye ardhi pia kilicho chini yake. Zaidi ya vyumba 100 vya Provins vimo katika nyumba za watu. Mtu anayelipa kodi, mwenye bili za umeme na paa linalovuja, ndiye pia mlinzi wa dari la karne ya 13. Afisa hawezi kumwingilia kila asubuhi, na madhara yakitokea chini, hakuna mpita njia atakayepiga kelele. Kwa sababu hii nasema sheria haitoshi. Lazima mwenye nyumba ajue alichonacho, na aone faida ya kukitunza.

Tano: maadui watatu, na dawa yao

Adui wa kwanza ni maji. Maji ya bomba lililopasuka barabarani, ya mfereji uliozibwa au ya mvua yasiyo na njia ya kutokea huingia katika viungo vya dari na kuisomba chokaa kidogo kidogo. Mji wa chini wa Provins, ulio bondeni, unaujua mtihani huu. Kabla ya kugusa jiwe lolote, fundi mwenye busara huuliza maji yanatoka wapi.

Adui wa pili ni saruji, na hapa huja kwa jina la ukarabati. Chokaa ya zamani ni laini na hupitisha unyevu, hivyo ukuta hukauka kupitia viungo vyake. Ukiziba viungo hivyo kwa saruji ngumu, unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Chumvi hukusanyika juu yake, uso wa jiwe humenyuka na kuanguka vipande vipande. Kwa miaka michache kazi huonekana safi. Madhara huja mhandisi akishalipwa na kuondoka.

Adui wa tatu ni matumizi yasiyopimwa. Nimesema kazi ndiyo iliyoviokoa vyumba hivi, lakini si kila kazi inafaa. Mgahawa unahitaji mlango wa dharura, hewa, choo na nyaya. Kutoboa dari ili kupitisha bomba kubwa la moshi ni kukata mnyororo wa mawe uliosimama kwa kubanana. Kujaza watu katika chumba kisicho na hewa ya kutosha huleta unyevu unaoota ukungu. Kuziba matundu ya zamani kwa ajili ya joto hufanya vivyo hivyo. Yapo matumizi mengine yasiyodai mengi: maonyesho, mikutano midogo, usomaji wa mashairi, ghala la divai, karakana ya fundi. Kanuni ni rahisi: chumba kisibadilishwe ili kukidhi shughuli, itafutwe shughuli inayokidhi chumba.

Tangu 1984 Ufaransa imekuwa na siku za urithi kila Septemba, ambapo majengo mengi yanayofungwa mwaka mzima hufunguliwa kwa wananchi. Kwa vyumba vya chini, siku kama hizo zina manufaa ya pekee. Mwenye nyumba hufagia, huwasha taa, huona ufa alioupuuza, na jirani hushuka kwa mara ya kwanza kuona kilicho chini ya mtaa wake.

Hitimisho

Ndugu zangu, nakaribia mwisho. Mnaweza kuuliza, haya yote yanatuhusu nini? Mwaka uleule wa 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ileile pamoja na Provins. Tena, katika karne ya 14, wakati magulio ya Champagne yakizimika, waashi wa Kilwa walikuwa wakiufunika msikiti wao mkuu kwa kuba na madari ya matao, kwa matumbawe na chokaa. Miji hii ya biashara ilikutana na swali lilelile la jiwe, chokaa na unyevu, na leo inakutana na mfuko uleule wa saruji.

Kwa miaka ijayo naona kazi tatu. Ya kwanza ni kuhesabu: kila mji wa kale uwe na rejista ya vyumba, visima, matangi na misingi iliyo chini ya nyumba zake, iliyochorwa na kupimwa, kabla mtambo wa kuchimba haujafika. Vifaa vya kupimia kwa miale ya leza vimeifanya kazi hiyo kuwa ya siku badala ya miezi, na wanafunzi wetu wa usanifu wanaweza kuifanya. Ya pili ni kufundisha: ujuzi wa kuchoma na kutumia chokaa urudi katika vyuo vya ufundi, na fundi wake alipwe kama mtaalamu. Ya tatu ni kushirikiana na mwenye nyumba: asaidiwe ushauri na gharama kabla hajatishwa kwa faini.

Provins haukuokolewa na mlinzi aliyesimama mlangoni na bunduki. Uliokolewa na watu wa kawaida walioendelea kushuka ngazi, kuweka mali, kuziba ufa na kumwachia mtoto ufunguo. Nawasihi wasanifu mliomo humu: mkipewa kazi ya kukarabati nyumba ya kale, ombeni kwanza kuonyeshwa chini yake, na msitie saini mchoro wowote kabla ya kushuka.